Rahabu Alicheza na Rahabu

Habari kwamba Rahabu amepigwa, Mzee Manase aliipata dukani kwa Mselemu alipokwenda kununua chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumvi nusu kilo."

"Chumvi ipo. Ila pole, mzee wangu. Rahabu kapigwa tena. Safari hii na Mjerumani."

Manase aliweka mkono juu ya meza ya duka, akauacha hapo. Rahabu alikuwa mkewe. Walimzika mwaka jana, mwezi wa nne, alizeti zikiwa zimeinamisha vichwa. Mtu aliyezikwa hapigwi.

Mselemu ni mtu wa Singida mjini, ukoo wa maduka tangu kwa babu yake. Alikuja Misigiri kufungua tawi, akabaki. Mdomo wake hauna kufuli, lakini hana ubaya. Alipouona uso wa mzee akajua amekanyaga pasipokanyagwa.

"Kwani Mwalimu Leah hakukwambia?"

Hakumwambia. Mselemu akamgeuzia simu. Manase aliona ubao wa vyumba vyeusi na vyeupe kama wa drafti, na kete zenye vichwa vya namna namna zikijisogeza bila mkono wa mtu. Juu ya ubao palikuwa na maneno. Manase hakusoma shule. Lakini neno moja alilijua, kwa sababu alisimama nyuma ya fundi siku linaandikwa kwenye msalaba wa saruji, herufi moja moja, fundi asije akakosea.

"Hii ni sataranji," Mselemu alisema, sauti imepungua. "Hapa hawachezi watu. Zinacheza programu za kompyuta. Mwalimu Leah katunga yake, kaiita Rahabu. Mjerumani naye ana yake. Zinakutanishwa, zinamalizana zenyewe. Sisi tunatazama tu."

"Kapigwa mara ngapi?"

"Na huyu Mjerumani? Mara nane. Lakini anajitahidi, mzee, wallahi anajitahidi."

Manase alichukua chumvi yake akaondoka bila kuaga.

Leah ndiye kitinda mimba wake. Anafundisha hesabu sekondari ya kata. Mama yake alipoanza kuugua, alirudi kukaa nyumbani, na baada ya msiba hakuondoka. Jioni hiyo Manase alimkuta anasahihisha madaftari. Hakukaa. Alisema kwa Kinyiramba, maana nyumba ile mambo mazito huyasema kwa Kinyiramba.

"Jina la mama yako umelipeleka likapigwe."

Leah aliweka kalamu chini. "Baba, si hivyo."

"Mselemu kaniambia dukani. Mara nane."

"Ni programu tu, baba."

"Ni jina. Liondoe."

"Siwezi mpaka msimu uishe. Limeshaandikishwa, na mashindano hayaruhusu kubadilisha katikati."

"Basi na likae huko. Lakini mtoto wa Paskali hatalipata."

Hilo lilikuwa kubwa. Paskali ni kaka yake, anaishi Kinampanda, na mkewe Ritha alikuwa amebakiza wiki chache kujifungua. Kwao jina la marehemu halitupwi, linamsubiri mjukuu. Mwenye kulitoa ni babu, mtu mwingine hana ruhusa. Ukoo mzima ulikuwa unajua: akizaliwa wa kike, ni Rahabu.

"Jina haliwezi kubebwa na mtoto mchanga huku linachapwa ugenini," Manase alisema. Akaenda kulala bila kula.

Mtoto akazaliwa. Wa kike.

Paskali alipiga simu akicheka na kulia pamoja. Manase alisema asante Mungu, akauliza kama mama mzima, akakata. Kwa kawaida kitovu kikianguka ndipo mtoto anapewa jina. Siku zikaenda, kitovu kikaanguka, Manase yuko kimya. Usidhani ulikuwa ukaidi wa raha. Kila alipomfikiria yule mtoto jina lilimjia lenyewe mpaka kwenye ulimi, naye akalimeza. Alipunguza hata kwenda barazani kwa Mselemu, mahali alipokuwa mfalme.

Na mfalme alikuwa kweli. Barazani pale wanacheza drafti kwa vifuniko vya soda, na kwa miaka mingi hakuna aliyemfunga Manase akarudia. Walimwita Kingi. Wageni waliosimama na malori walijaribu bahati zao, wakaondoka wakicheka kwa aibu. Kitu ambacho baraza halikukijua ni kwamba nyumbani Kingi alikuwa anafungwa. Rahabu alichora ubao kwa mkaa nyuma ya ungo mbovu, mume akachukua maharage, yeye akachukua mahindi. Siku zote mahindi. Alicheza kana kwamba yuko mbioni kwenda kusonga ugali. Anakupa kete moja, unakula kwa sababu kula ni lazima, anakupa ya pili, unakula, halafu anazoa zako nne na kuinuka. "Nawa mikono," anasema, "chakula kiko tayari." Manase hakumwambia mtu. Mke naye hakumwambia mtu. Hiyo ilikuwa heshima aliyompa mumewe.

Ijumaa moja asubuhi Leah aliweka kompyuta yake juu ya meza sebuleni, akaiunganisha na betri ya sola. Kesho yake programu yake ilikuwa ikutane tena na Mjerumani. Baba na mtoto siku hizo walikuwa wanasemeshana kwa maneno ya kuhesabu.

"Baba, hii nimeiacha inafanya kazi. Michezo mia nne. Ikifika mia nne itasimama yenyewe. Jioni saa kumi na mbili lazima nitume. Naomba usiiguse."

"Mimi nitaigusia nini?"

Leah akaenda shule.

Manase alianika alizeti uani, akarudi kukaa. Jicho likamponyoka likaenda kwenye kioo. Kete nyeupe na nyeusi zilikuwa zinakwenda mbio, mchezo mmoja dakika moja, ukiisha unaanza mwingine. Hakuna kusalimiana, hakuna kupumua, hakuna wa kumtania mwenzake. Juu aliliona lile neno, R, A, H, A, B, U. Upande wa Rahabu ni upi? Hilo halikumpa shida. Rahabu siku zote ni mahindi. Nyeupe ni yeye.

Nyeupe akapigwa. Akaanza tena, akapigwa. Wa tatu wakatoka sare. Wa nne akapigwa. Manase hakuijua sataranji, lakini mchezaji wa drafti anamtambua mtu anayebanwa kwenye kona. Aliona yule mwenye taji akikimbia chumba hadi chumba, wenzake wameliwa, na kila alipokwenda amefuatwa. Alianza kusema na kioo. "Toka hapo. Toka hapo, mama." Hakutoka.

Wakati huo ndipo ukaja mlio wa pikipiki uani, na sauti ya mwanamke: "Hodi hapa!"

Alikuwa Sikudhani, mama yake Ritha, mkwe wake.

Sasa, mtu wa huko anajua. Mkwe akiingia uani, mchezo unasimama. Ubao unafunikwa, kete zinaachwa, hata ungekuwa umebakiza moja tu kushinda. Huwezi kumpokea mkwe huku mnachezacheza, ni sawa na kumpokea kifua wazi. Manase alikuwa amelishika hilo tangu ujana. Mkono wake ulikwenda wenyewe, haukungoja akili. Aliifunga kompyuta kama anavyofunga Biblia, taratibu, kwa heshima, akaitandikia kitambaa cha meza juu yake, akatoka kupokea mgeni.

"Karibu, mkwe."

"Starehe, mkwe. Habari za hapa?"

"Njema. Za huko? Mtoto?"

"Mtoto ananyonya kama ndama. Anakua." Sikudhani aliketi, akapanga khanga yake magotini. Alikuwa mwanamke mnene wa maneno machache, na maneno yenyewe hayana maganda. "Lakini hana jina."

Manase alitazama alizeti zake.

"Leo ni siku ya sita tangu kitovu kianguke, mkwe. Majirani wanakuja kumwona, wanauliza nani huyu. Ritha anajibu, mgeni. Mpaka lini mtoto ataitwa mgeni kwao?"

"Nalifikiria."

"Nimesikia unavyofikiria. Paskali ameniambia habari za kompyuta." Alisema bila kucheka. "Mimi sijui kompyuta. Najua mtoto. Kesho jioni, kama hujasema, mtoto atachukua jina la mama yangu. Na mama yangu alikuwa mtu mwema, hakuna atakayelalamika."

"Ni haki yako, mkwe."

"Sijaja kudai haki. Nimekuja kukukumbusha."

Manase alimpikia mwenyewe, kuku na mlenda, kama alivyojifunza tangu kubaki peke yake. Sikudhani alikula vizuri, akasema mlenda umezidi chumvi, akapumzika kidogo kivulini. Alipopanda pikipiki kurudi Kinampanda saa nane ilikuwa imepita. Manase alivuta kiti palepale uani na kukaa akitazama vumbi. Kompyuta alikuwa ameisahau kabisa.

Leah aliingia saa tisa. Aliona kitambaa cha meza. Akakiinua.

"Baba!"

"Nini?"

"Umeifunga?"

"Mkwe alikuja."

Leah alisimama na kitambaa mkononi. Manase alimwona mtoto wake akitaka kulia, halafu akitaka kukasirika, halafu akifungua kompyuta kwa vidole vya haraka. Kioo kikawaka. Akasoma.

"Mia mbili na kumi. Ulifunga ikiwa mchezo wa mia mbili na kumi. Hapa mtu ameshindwa kwa kuchelewa. Amekaa saa tatu na nusu bila kujibu."

"Nani?"

"Rahabu."

Manase aliinamisha kichwa. Kumbe hata hilo kalisababisha yeye. "Nilikuwa naona toka asubuhi anapigwa," alisema. "Nikamwongezea."

"Umejuaje ni yeye anayepigwa?"

"Nyeupe. Mama yako ni mahindi."

Leah aligeuka akamtazama. Alivuta kigoda, akaketi karibu naye kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

"Baba. Nyeupe ni Rahabu. Na nyeusi ni Rahabu."

"Sijaelewa."

"Leo Mjerumani hayumo humu. Huyu mmoja ni Rahabu niliyemtengeneza wiki hii. Huyu mwingine ni Rahabu wa mwezi uliopita. Nikibadilisha kitu, sijui kama nimemjenga au nimemharibu. Hakuna mtu wa kuniambia. Kwa hiyo namkutanisha na yeye mwenyewe wa zamani, mara mia nne. Akimzidi wa zamani, nampeleka kwenye mashindano. Asipomzidi, nafuta kazi yangu naanza upya."

"Kwa hiyo aliyekuwa anapigwa..."

"Ni Rahabu. Na aliyekuwa anampiga ni Rahabu. Na upande wanabadilishana. Mwanzo mmoja wanaucheza mara mbili, huyu akiwa mweupe halafu yule akiwa mweupe, asije akasema mtu kwamba alipewa upande mbovu."



"Hiyo ni haki," Manase alisema.

"Ndiyo. Sasa zimebaki mia moja na tisini, na nina saa tatu, na betri iko nusu."

Manase akainuka. Kuhusu kompyuta hakuwa na la kufanya, lakini jua alilijua. Sola ya Leah ilikuwa imeegeshwa ukutani ikitazama mashariki, na jua lilishavuka zamani. Aliibeba mpaka katikati ya uwanja, akaiegemeza kwenye kinu, akaielekeza magharibi. Kila baada ya muda alitoka kuigeuza kidogo, kama anavyogeuza alizeti kwenye turubai, kivuli kisiguse hata kona. Kila aliporudi ndani aliuliza jambo moja.

"Zinaonana?"

"Hazionani. Katikati kuna programu ya tatu. Inachukua neno la huyu, inalipeleka kwa yule. Farasi kaenda hapa. Yule anafikiri, anajibu, neno linarudi."

"Mshenga."

Leah akatabasamu. "Mshenga, kweli. Ndiye anashika na saa. Anayechelewa kujibu, anahesabiwa kashindwa."

"Basi aliyechelewa leo hakukosa. Alikuwa anamheshimu mkwe."

Leah alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Manase akashangaa jinsi nyumba ilivyoukosa mlio huo.

Akatoka, akageuza sola, akarudi.

"Inafikirije?"

"Inatazama mbele. Nikienda hapa, yeye atakwenda pale, mimi nitajibu hivi. Njia milioni kwa muda wa kupepesa jicho. Nyingi ni makapi, inazitupa."

"Inapepeta."

"Inapepeta. Kazi yangu kubwa ni kuifundisha isitupe punje pamoja na makapi."

Akatoka, akarudi. Swali la safari hii alikuja nalo mlangoni, akasimama nalo hapo.

"Mama yako yumo humo?"

Leah aligeukia kioo. Kete zilikuwa zinakwenda.

"Hayumo, baba. Humo mna hesabu tu. Mwanzoni nilimtafuta. Nilijaribu kuifanya icheze kama yeye, itoe kete halafu ikuzoe. Ilikuwa inatoa tu, kuzoa haiwezi." Alifuta macho kwa kiganja. "Nimeiita jina lake ili niwe ninalitaja. Tangu msiba humu ndani hakuna anayelitaja. Wewe hulitaji. Watu wanasema marehemu, wanasema mama wa mwalimu. Nikajiuliza, nitalitajia wapi? Kule kwenye mashindano wanalitaja kila siku. Hata wakisema kapigwa, wamelitaja."

Manase alitoka nje. Sola ilikuwa sawa, haikuhitaji kugeuzwa. Aliigeuza.

Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na vikombe viwili vya uji, akampa mwanawe kimoja.

"Hawa wa zamani," alisema, "ukishampata mpya si unawafuta?"

"Nikiwafuta nitampima mpya na nani? Wote ninao. Arobaini na moja." Alimwonyesha kwa kidole mstari mrefu wa maandishi, na Manase akaliona neno lake likishuka chini kama ngazi, Rahabu, Rahabu, Rahabu. "Huyu wa tatu nilimwandika wiki ya msiba. Mjinga kupita wote. Anagawa kete kama peremende. Lakini naye yupo."

"Na anapigwa na hawa wote?"

"Na hawa wote. Ndiyo kazi yake. Bila yeye nisingejua tumefika wapi."

Manase alikunywa uji wake. Akaweka kikombe.

"Rahabu alikuwa ananifunga," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jina hilo ndani ya nyumba baada ya miezi kumi na minne. Lilitoka na ukwaruzo kidogo, kama mlango uliokaa sana.

"Drafti. Miaka thelathini na tisa. Kwa mahindi."

"Najua, baba."

"Unajua?"

"Nilikuwa nachungulia kutoka jikoni. Nilikuwa nahesabu. Nadhani hesabu nilijifunzia hapo."

Saa kumi na mbili ilipofika michezo ilikuwa mia tatu themanini na saba. Rahabu mpya alikuwa mbele ya Rahabu wa zamani kwa michezo kumi na tisa. Haikutimia mia nne.

"Inatosha?" Manase aliuliza.

"Haitoshi kuwa na hakika. Inatosha kujaribu." Leah alibonyeza, akatuma.

Jumamosi asubuhi Manase alivaa koti lake la kanisani. Hakumweleza Leah anakwenda wapi, na Leah hakuuliza. Njia ya kwenda kupata pikipiki inapita dukani kwa Mselemu, na barazani pale watu walikuwa wamejaa, simu ya Mselemu imeegemezwa kwenye debe la mafuta ya alizeti. Mchezo wa Mjerumani ulikuwa umeanza.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba. Vipi?"

Mselemu alisita, kwa sababu aliikumbuka ile siku ya chumvi. "Wako hatua ya thelathini. Kila mmoja anasema anaongoza. Hizi programu zina kiburi kuliko wachezaji wa drafti."

"Mara zilizopita alikufa hatua ya ngapi?"

"Ya arobaini, hamsini. Hajawahi kuzidi hapo." Halafu ulimi ukamshinda. "Lakini leo mzee umevaa koti. Unaenda kumzika tena?"

Mtu mmoja alimpiga Mselemu kiwiko. Manase alimtazama Mselemu, akawatazama na wengine, wale wote aliowafunga mwaka hadi mwaka.

"Mnaniita Kingi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Samahani, mzee, mimi..."

"Nyamaza, nazungumza. Mnaniita Kingi. Nyumbani kwangu nilikuwa nafungwa. Na Rahabu. Usiku wa leo nisipofungwa, kesho nafungwa. Miaka thelathini na tisa sikumshinda hata mara kumi. Nilikuwa nafungwa kule, nakuja hapa kuwafunga nyie kwa alichonifundisha."

Mzee mmoja aliyekaa kwenye gunia aliinua kichwa. "Yaani sisi wote," akasema, "tulikuwa tunafungwa na mama Leah?"

"Nyie wote."

Kicheko kilianza kwa huyo mzee, kikapita baraza zima. Manase hakucheka, ila uso wake ulilegea. Nusu ya maisha aliiogopa siku hii, na siku yenyewe imekuja wala haikumla. Jina lake lilikuwa palepale. Mtu wa pembeni alikuwa ameshaanza kusema, "Kingi, keti basi uone."

"Siketi. Nina safari." Akamwita mwenye pikipiki. "Kinampanda."

"Na matokeo, mzee?" Mselemu aliita. "Nikupigie?"

"Ukipenda."

Sikudhani alikuwa uani kwa Paskali akianua nguo za mtoto. Alipoliona koti, aliweka nguo begani, akaingia ndani bila kusema, akatoka na mtoto. Ritha akafuata, na Paskali nyuma yake na kiti.

Manase alinawa. Akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, kama baba yake alivyofanya kwa watoto wake yeye, akamgusa mtoto kwenye paji la uso, halafu mdomoni. Mtoto akakunja uso, akakinyonya kidole.

"Rahabu," alisema.

Ritha alijifunika uso kwa khanga. Paskali alitazama juu ya paa kama anayetafuta bati lililolegea.

"Si ulisema jina hilo linachapwa?" Sikudhani akauliza.

"Linachapwa, mkwe."

"Na Wajerumani?"

"Na Wajerumani. Na watu wengine wengi. Linajibu vilevile." Alimnyanyua mtoto akamtazama vizuri. "Huyu naye atachapwa na dunia. Akubali tu kurudi mchezoni."

Sikudhani alizipanga vizuri nguo begani. "Haya," akasema. "Mama yangu atangoja wa pili."

Simu ya Manase ikaanza kulia mfukoni mwa koti. Paskali alimwangalia. Ritha alifunua jicho moja. Manase hakuitoa. Mkwe yuko mbele, mchezo unasimama. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena, ikanyamaza, na yeye amemshika mjukuu wake, maji ya kidole bado yanameremeta kwenye lile paji dogo.

Alirudi Misigiri jua likielekea kushuka. Mselemu alimwona tangu mbali, akatoka barazani na mikono juu.

"Sare, mzee! Sare! Hatua mia na thelathini na moja! Mjerumani amemkimbiza nchi nzima, kambana kila kona, hakumpata. Mwisho zikabaki kete za kuhesabu kwa mkono mmoja. Mbona hukupokea?"

"Nilikuwa kwa mkwe."

"Mwalimu Leah ameshapita hapa, analia anacheka. Anasema ataanza kumtengeneza mpya Jumatatu." Mselemu alishusha mikono. "Na mtoto?"

"Mzima."

"Kaitwa nani?"

"Rahabu," Manase alisema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Akavuta ubao wa drafti, akausogeza karibu. Mselemu alianza kumpangia vifuniko vyake vya soda.

"Ondoa hivyo. Una mahindi kwenye gunia?"

"Mahindi?"

"Punje kumi na mbili. Na uzichague nzuri."

Mselemu alikwenda, akarudi na mahindi kiganjani. Manase alizipanga moja moja upande wake. Hajawahi kucheza upande huo. Akasogeza ya kwanza mbele, akaiacha mahali inapoliwa.

"Haya," alisema. "Kula. Kula ni lazima."